Kuonyesha vikao vya madiwani Iringa: anzeni na barua

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kituo chenu kidogo cha televisheni hapa Iringa kinataka kuonyesha vikao vya Baraza la Madiwani la Manispaa, ila hamjui pa kuanzia. Nawaunga mkono kwa dhati, kwa sababu mama lishe wa Kihesa hawezi kufunga banda lake asubuhi nzima ili akasikilize hoja zinazogusa ushuru anaoulipa.

Mwandikieni Mkurugenzi, nakala kwa Mstahiki Meya, mkiomba kurekodi mkutano wa kawaida wa baraza, ambao hufanyika kila robo mwaka na wananchi huruhusiwa kuhudhuria. Kamati ziacheni kwanza. Leseni ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji, iwe hai kabla ya hapo.

Hata hivyo, kurekodi peke yake hakutoshi. Mtazamaji asiye na makabrasha, yaani nyaraka za kikao, hawezi kufuatilia mjadala wa taarifa ya robo, hivyo yaombeni mapema, na mkicheleweshwa tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi siku 30 za kujibu. Kisha chagueni jambo moja mlifuatilie kwa kina, kwa mfano asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: onyesheni ukurasa wenyewe wa makabrasha, someni kiasi kilichotengwa na kilichotolewa, halafu mwalikeni diwani pamoja na afisa maendeleo ya jamii waeleze tofauti hiyo, bila ninyi kuyakatakata maneno yao.