Shangazi, fulana ya mafuvu si ushetani, na ya bati nakuja

Shangazi, shikamoo. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza yote, pamoja na vicheko vya hao vijana nyuma yako. Umeniuliza mawili: napata kiasi gani huku Florida hata hela ya bati inanishinda, na ile fulana nyeusi ya mafuvu kwenye picha ni ya dini gani. Nakujibu yote kwa mpigo, maana kwangu ni habari moja.

Kazi yangu ni kubeba boksi, na sisemi kwa mafumbo. Ghala, zamu ya usiku, viatu vya chuma. Saa hizo basi hakuna, kwa hiyo lazima gari, na gari ni la mkopo. Pango linameza karibu nusu ya mshahara. Kinachobaki kinagombaniwa na bima mbili, ya gari na ya afya, na hiyo ya afya usidhani ukishailipia umemaliza. Ukilazwa, bili inakufuata nyumbani.

Kabla sijapata gari nilikuwa napewa lifti na mzee mmoja wa Kizungu wa hapo kazini. Siku ya kwanza akaweka kaseti, kaseti kweli, mwaka huu wa simu za kugusa, nikadhani spika zimepasuka. Mtu ananguruma kama ana mfupa kooni, ngoma zinakimbia kuliko singeli. Nikamuuliza huyu anaumwa? Akacheka hadi tukapitiliza njia ya kutokea.

Kumbe aliyekuwa ananguruma ni kijana wa hapa hapa, Chuck Schuldiner, aliyekulia Altamonte Springs, mji ulio pembeni mwa Orlando. Alipokuwa na miaka tisa kaka yake alifariki kwa ajali ya gari, wazazi wakamnunulia gitaa ili apunguze majonzi. Akiwa bado mwanafunzi akaanzisha bendi, wanafanyia mazoezi gerejini kwao, wanarekodi kanda za majaribio na kubadilishana kwa posta na watoto wenzao wa nchi nyingine. Baadaye bendi akaiita Death, yaani Kifo. Ndiyo, Shangazi, najua utakavyosema.

Albamu yao ya kwanza, Scream Bloody Gore, ilitoka Mei 1987. Walianza kuirekodi Florida, kampuni ikakataa kazi ile, ikabidi warudie upya Hollywood. Na hao "wao" walikuwa wawili tu: Chris Reifert kwenye ngoma, na Chuck kwenye vyote vilivyobaki, gitaa, besi na sauti. Alikuwa na miaka 19 walipoirekodi. Maneno yake ni mazombi na damu, mambo ya filamu za kutisha walizokuwa wakizitazama. Ushetani nimeutafuta humo sijauona, nimeona utoto.

Muziki huo unaitwa death metal. Wapo wanaosema waliotangulia ni bendi ya Possessed ya California, na albamu yao ya 1985 ina wimbo unaoitwa hivyo hivyo, Death Metal. Ni kweli, na Chuck mwenyewe hakupenda kuitwa baba wa muziki ule. Lakini baada ya albamu yake Florida iligeuka kitovu cha muziki huo. Tampa, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, ina studio inayoitwa Morrisound. Death walirekodi albamu yao ya pili huko, zikaja bendi za Obituary na Morbid Angel, kisha wageni: Napalm Death kutoka Uingereza, Sepultura kutoka Brazili. Cannibal Corpse walihama Buffalo kwenye theluji wakaja kuishi Tampa kabisa. Ni kama singeli ya Manzese na Tandale, iliyoitwa kelele za wahuni hadi Wazungu walipoanza kuialika Ulaya.

Sasa sikiliza hapa, Shangazi. Mei 1999, siku anatimiza miaka 32, Chuck aliambiwa ana uvimbe kwenye ubongo. Mtu ambaye bendi za nchi ngapi sijui zinamuiga! Gharama za matibabu zikailemea familia. Wanamuziki wakafanya maonyesho ya kuchangisha, mashabiki wakatoa chochote walichonacho. Michango, kama tunavyopitisha daftari mtaani. Alipasuliwa, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Alifariki Desemba 13, 2001, ana miaka 34.

Mzee alinisimulia hayo tumeegesha nje ya ghala, bado dakika kumi zamu ianze. Yeye pia alichanga. Mimi nikawa nawaza bili yangu ya jino, ambayo sikuwaambia, na ndiyo iliyokula bati lenu mwezi wa nne.

Fulana hiyo ya Death sikuinunua, alinipa huyo mzee, ilikuwa imembana tumbo. Hela ya bando moja la bati natuma Ijumaa ya mshahara. La pili mnivumilie hadi nimalize jino. Na huyo anayecheka nyuma mwambie nimemtambua.