Re: PAYE kwenye Excel haifanani na hati ya mshahara

Mkuu, jedwali lako linatoa PAYE (kodi ya mshahara) 103,000 kwa mshahara wa 900,000, hati ya mshahara inasema 80,500, unauliza nani yuko sahihi. Hati iko sahihi. Wewe umekata kodi kwenye mshahara ghafi. Huku Tanzania Bara NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) ya 10% hutoka kwanza, kodi inakokotolewa kwenye 810,000 iliyobaki.

Weka mshahara B2, NSSF B3, kilichobaki B4, kisha B5:

=MAX(0,B4-270000)*8%+MAX(0,B4-520000)*12%+MAX(0,B4-760000)*5%+MAX(0,B4-1000000)*5%

Achana na zile IF ndefu, zinachosha bure. Mkononi ni 729,500. Kama unadaiwa na HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), 15% ya mshahara wa msingi iweke chini ya PAYE, maana haipunguzi kodi hata senti.