Azimeni ontolojia zilizopo, ila lumbesa ibaki lumbesa

Mkuu, umeuliza kama mfumo wenu wa taarifa za mazao kwa wakulima wa Rungwe na Mbozi utengenezewe ontolojia mpya (orodha rasmi ya dhana na uhusiano wake, ambayo kompyuta inaisoma) au mtumie zilizopo. Tumieni zilizopo. Nimefanya kazi ya aina hiyo hapa Mbeya, kwenye maharage na viazi mviringo, na nasema hivi kwa uhakika.

Kwa majina ya mazao, wadudu na magonjwa, nendeni AGROVOC, msamiati wa kilimo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ina dhana zaidi ya 40,000, kila moja na kitambulisho chake, na Kiswahili kimo. Pale jina la kwetu linapokosekana, ongezeni.

Iliyonikosha hasa ni Crop Ontology ya CGIAR, mtandao wa kimataifa wa vituo vya utafiti wa kilimo, kwa sababu inatenganisha sifa ya zao, njia ya kuipima na kipimo chenyewe. Mkulima wa viazi anakutajia magunia kwa eka. Ni ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kiasi, au yameshonwa kawaida? Wa maharage anahesabu madebe. Mtafiti wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mbeya, anaandika kilo kwa hekta. Mkiyarundika yote kwenye safu moja ya "mavuno", hamtaweza kulinganisha chochote. Kwa mpangilio ule, sifa ni moja, vipimo ni vingi. Lumbesa haikuwemo, tukaiongeza kama kipimo chetu, na kitambulisho chetu. Kuigeuza kuwa gunia la kilo 100 ni kumdhulumu mkulima mara ya pili.

Kwenye kuunganisha msamiati wenu na wa nje, SKOS, kanuni za kuandika misamiati kwa ajili ya kompyuta, inawapa uhusiano wa "sawa kabisa" na wa "inakaribiana". Huo wa kwanza unaambukiza: A ikiwa sawa na B, na B sawa na C, mashine inahitimisha A ni sawa na C. Mkulima akisema "njano", huenda ni aina ya maharage iitwayo Njano Uyole, huenda ni mbegu nyingine ya rangi hiyo. Hapo wekeni "inakaribiana".

Msiingize ontolojia nzima. Protégé, programu ya kuhariri ontolojia, itaelemewa kwenye kompyuta ndogo. Kwa zile zilizoandikwa kwa OWL, lugha ya kuandikia ontolojia, programu ya ROBOT ni ya bure na inakata tawi mnalohitaji pamoja na dhana mama zake. Andikeni toleo mlilochukua, na msome leseni.

Ila kabla ya yote hayo, kaeni na afisa ugani muandike maswali ambayo mfumo lazima uyajibu, mfano mbegu ipi ilihimili ugonjwa wa kutu kata ipi. Yawekeni hapa, nitayapitia moja moja.