Kipandauso na gharama ya kitanda cha hospitali

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa shule ya msingi. Husumbuliwa na maumivu ya kichwa ya upande mmoja yanayoambatana na kutapika, na mwaka huu amelazwa mara tatu katika hospitali ya serikali, ambako kila mara hupimwa malaria, hutundikiwa dripu na kuruhusiwa kesho yake. Jirani yetu anasema wagonjwa wa namna hii wanaimalizia serikali fedha. Je, ni kweli?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, gharama ni ya kweli, ila lawama haimstahili mdogo wako. Risiti mnayopewa dirishani haioneshi mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku, wala kazi ya maabara, wala kitanda ambacho kingempokea mgonjwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 maradhi ya kichwa yaliwapata watu bilioni 3.1, yaani takribani asilimia 40 ya watu wote, kwa hiyo hata wakilazwa wachache tu miongoni mwao, mzigo kwa hospitali za umma ni mkubwa.

Linaloniumiza ni kwamba sehemu kubwa ya gharama hiyo ingeweza kuepukika. Kipandauso, yaani maumivu ya kichwa ya namna hii ya mdogo wako, kinapopamba moto, tumbo hupunguza kasi ya kusukuma chakula, na kidonge kilichochelewa kumezwa hukaa humo bila kufanya kazi au hutapikwa. Ndiyo maana mwalimu anayevumilia hadi kipindi cha mwisho huishia kwenye dripu, ilhali ibuprofeni au aspirini iliyomezwa dalili zinapoanza ingeweza kumtuliza nyumbani. Kwetu kusini, kila kichwa kinachouma hudhaniwa kuwa malaria. Kupima ni sahihi, lakini kipimo kikionesha kuwa hana vimelea, dawa mseto ya malaria haitamsaidia.

Aandike katika daftari tarehe za maumivu, saa yalipoanza, alichokula na dawa alizomeza, kisha alipeleke daftari hilo kwa daktari. Maumivu yakimrudia mara kwa mara, daktari anaweza kumwanzishia dawa ya kuzuia, kama vile propranololi (haifai kwa mwenye pumu) au amitriptilini, ambazo ni dawa za zamani na za bei nafuu. Asizoee kumeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, na zile za mchanganyiko (kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja) siku 10 au zaidi, kwani zikizidi huleta maumivu ya kichwa zenyewe.

Hata hivyo, maumivu yakimshika ghafla kwa ukali asioujua, au yakaja na homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kuchanganyikiwa, au yakampata akiwa mjamzito, mpelekeni hospitali mara moja, na maneno ya jirani yasiwacheleweshe.