Mshahara wa dirham 4,500 kwa mwezi Dubai au shilingi milioni 1.5 Arusha?

Ndugu, usizidishe dirham kwa shilingi halafu ukashangilia. Linganisha kinachobaki mkononi.

Hiyo milioni 1.5 ya Arusha, toa mchango wa NSSF (hifadhi ya jamii) 10% (150,000), kisha PAYE (kodi ya mapato) ya 233,000 kwenye 1,350,000 iliyobaki. Unapokea 1,117,000. Toa kodi ya chumba cha Sakina, chakula na daladala, andika salio.

Dubai mshahara haukatwi kodi ya mapato, kwa hiyo 4,500 inaingia yote. Shida ni nyumba. Kama kampuni haikupi malazi, kodi ya nyumba inahesabiwa kwa mwaka, mara nyingi kwa hundi chache za mbele, juu yake amana (kawaida 5% ya kodi, 10% ikiwa na samani) na dalali. Kwa 4,500 peke yako hutoboi. Utapanga kitanda kwenye chumba cha watu kadhaa. Uliza hilo kabla ya tiketi.

Angalia pia mkataba umegawaje mshahara. Kiinua mgongo ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, katika miaka 5 ya kwanza. Msingi ukiwa 2,000 na posho 2,500, unapata kama 1,400 kwa mwaka. Msingi ukiwa 4,000 ni 2,800. Wengi hunaswa hapo.

Gharama za viza na kibali ni za mwajiri kisheria. Wakala akikudai hizo, mwache.