Viyoyozi vya ofisi Dodoma: nusu saa moja inayoamua bili ya mwezi mzima

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa usimamizi wa jengo la ofisi la ghorofa nne hapa jijini Dodoma, na kazi ya kwanza iliyonishinda haikuwa lifti wala maji, ilikuwa bili ya umeme. Mhasibu wetu, mama mwenye jicho kali kwa tarakimu, aliniwekea mezani bili za miezi miwili iliyofuatana. Uniti zilikaribia kulingana, lakini bili ya pili ilizidi ya kwanza kwa laki mbili na nusu na ushee. Akaniuliza, "Kaka, umeme tuliotumia ni uleule, sasa fedha hizi nyingine zimetoka wapi?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilipolipata, nilitambua kwamba kwa muda wote nilikuwa nikihangaika kupunguza uniti, ilhali sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ikivuja mahali pengine kabisa.

Jengo likivuka wastani wa uniti 7,500 kwa mwezi huhama kundi la bei la TANESCO linaloitwa T1, ambalo wengi tunalijua kwa LUKU, na kuingia T2. Huko mteja hulipia vitu viwili tofauti: uniti alizotumia, na mahitaji ya juu, yaani mzigo mkubwa kuliko yote alioutwisha mtandao ndani ya mwezi, unaopimwa kwa kVA (kilovolti-ampia). Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa T2 alitozwa shilingi 195 kwa uniti na shilingi 15,004 kwa kila kVA kwa mwezi. Bei unayotozwa wewe itazame kwenye bili yako, lakini mpangilio ndio huo. Mita haipimi mshtuko wa sekunde moja. Huchukua wastani wa kipindi kifupi, ambacho kwenye mita yetu ni dakika 30, kisha hutunza kipindi kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Nusu saa moja ya uzembe siku ya tarehe 3 italipiwa hata kama siku zilizobaki mtafanya kazi gizani.

Katika bili zile mbili, mwezi wa kwanza tulifikia kVA 121 na mwezi wa pili kVA 138. Tofauti ya kVA 17 ukiizidisha kwa 15,004 unapata shilingi 255,068, na hilo ndilo lililokuwa jibu la mama mhasibu. Swali lililobaki lilikuwa ni lini hasa kVA zile 138 zilipigwa.

Nilidhani ni saa nane mchana, jua likiwa kali. Fundi wa umeme alipotusomea kumbukumbu za ndani ya mita, tukakuta kweli ni mchana wa saa nane na nusu, lakini wa siku ambayo umeme ulikatika tangu saa sita. Jenereta yetu hubeba taa, kompyuta, lifti na chumba cha seva tu, kwa hiyo kwa saa mbili na zaidi ofisi zilipata moto. Umeme uliporudi, kila kiyoyozi kilijiwasha chenyewe kwa wakati mmoja, kila kompresa ikakimbia kwa nguvu zake zote kwa sababu kila chumba kilikuwa cha moto, pampu ya kisima nayo ikaanza kujaza tangi, na watu wakachomeka birika za chai. Mashine hizo zote, siku ya kawaida, hupokezana bila kupangwa, hii ikipumzika ile ikifanya kazi. Kukatika kwa umeme kulizipanga zikaanza pamoja kama gwaride.

Hapo ndipo ningependa msomaji mwenye jengo aanzie, kabla hajanunua kifaa chochote. Tafuta siku na saa ya kilele chako. Ukikosa mtu wa kukusomea mita, funga kipimo chako mwenyewe kwenye bodi kuu kwa mwezi mmoja. Bila taarifa hiyo utajikuta unawabana watu joto la mchana kila siku kwa ajili ya kosa linalotokea mara mbili kwa mwezi.

Mfumo wetu ni wa mchanganyiko. Ghorofa tatu za juu zina mashine kubwa za nje zenye inveta, yaani kifaa kinachopandisha na kushusha kasi ya kompresa, kila moja ikilisha mashine nyingi za ndani, na zote zinaongozwa na kidhibiti kikuu kilichobandikwa ukutani ofisini kwangu. Ghorofa ya chini imebaki na viyoyozi vya kawaida vya ukutani, vya zamani, ambavyo havijui kidhibiti wala ratiba. Nadhani majengo mengi ya mjini hapa yako hivi, kwa sababu yamejengwa na kuongezewa kidogo kidogo tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi baada ya mwaka 2016.

Mpangilio wa kwanza tuliobadilisha ulikuwa ule wa kujiwasha umeme unaporudi. Kwenye mfumo wa pamoja tuliuzima, na badala yake kidhibiti kikaagizwa kuwasha ghorofa moja baada ya nyingine kwa kupishana dakika kumi na tano, tena kwa nguvu isiyozidi asilimia 70 katika saa ya kwanza. Kwa vile vya ukutani tulifunga kwenye bodi ya ghorofa ya chini vifaa vya kuchelewesha, vya bei ndogo, vinavyoachia umeme kwa makundi matatu. Usipishanishe kwa dakika mbili tatu tu ukadhani umemaliza kazi. Hiyo husaidia fyuzi na jenereta zisishtuke, lakini mita inayotazama wastani wa nusu saa haitaona tofauti yoyote.

Cha pili ni ratiba ya asubuhi, na hapa nina kisa cha kuchekesha ambacho wakati huo hakikunichekesha. Nilimwandikia fundi kwenye karatasi kwamba ghorofa ya nne iwashwe "saa 1:00", ya tatu "saa 1:15" na ya pili "saa 1:30". Alikuwa kijana makini, akaingiza tarakimu kama zilivyo kwenye kidhibiti chenye saa ishirini na nne. Kwa wiki mbili jengo tupu lilikuwa likipoozwa kuanzia saa saba usiku, na mlinzi, ambaye alidhani ni agizo la wakubwa, alinyamaza na blanketi lake. Tangu hapo naandika 07:00, na ninamtaka fundi anisomee kwa sauti alichokiingiza. Kagua pia betri ndogo ya saa ya kidhibiti. Yetu ilikuwa imekufa, hivyo kila umeme ulipokatika saa ilirudi mwanzo na ratiba nzima ikahama bila mtu kujua.

Sehemu yenye utajiri zaidi, na ambayo nilikosea mara nyingi zaidi, ni udhibiti wa kilele wenyewe. Kidhibiti hupokea mapigo, yaani ishara za umeme za kuhesabu matumizi, kutoka kwenye kipimo cha bodi kuu, hukadiria nusu saa inayoendelea itaishia kwenye mzigo gani, na kikiona itapita kikomo ulichokiweka huanza kubana mashine kwa hatua. Baadhi hupunguzwa nguvu ya kompresa, nyingine huachwa zikiendesha feni tu kwa dakika chache, kisha zamu huhamia kundi jingine. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka kikomo cha kuanza kubana sawasawa na lengo. Kwa kuwa kompresa haipungui papo hapo, na kwa kuwa lifti na birika hazimsikilizi mtu, kilele kilipita lengo kila mara. Sasa ubanaji huanza mzigo unapofikia asilimia 85 ya lengo. Kosa la pili lilikuwa kuacha nusu saa ya kidhibiti ianze wakati tofauti na nusu saa ya mita. Kama mita inahesabu kuanzia 14:00 na kidhibiti kinahesabu kuanzia 14:10, kila kimoja kitakuwa kinatazama kipande chake, na mnaweza kupitisha kilele kidhibiti kikiwa kimeridhika kabisa.

Kosa la tatu lilikuwa tamaa. Niliibana ghorofa ya tatu hadi asilimia 40 mchana wa Oktoba, mwezi ambao hapa pamoja na Novemba ndio wenye joto kuliko yote. Kufikia Jumatano watu walikuwa wameleta feni za mezani, wakafungua madirisha na milango, na joto lote la nje likaingia ndani kuja kupambana na mashine nilizozibana. Mzigo ukapanda. Asilimia 70 kwa zamu, mashine moja ikipumzika dakika tano hadi kumi, ndiyo iliyokaa bila kelele. Chini ya hapo utaokoa kwenye karatasi tu. Na usiruhusu mashine izimwe na kuwashwa kila dakika moja au mbili, maana kompresa inahitaji muda wa kupumzika kabla ya kuanza tena.

Tulipopanga makundi, tulifuata jua. Dodoma iko karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini, na ghorofa ya juu hupigwa kupitia paa kuliko kupitia madirisha. Ghorofa hiyo tuliipa kipaumbele cha kubaki na ubaridi mchana. Vyumba vya mashariki hubanwa kwanza baada ya saa saba, vya magharibi hubanwa kwanza asubuhi. Korido, mapokezi na chumba cha mikutano kisicho na kikao hubanwa wakati wowote. Chumba cha seva kimeondolewa kwenye orodha kabisa, na ninasisitiza hili kwa sababu kwenye mipangilio ya kiwandani mashine zote huwa kundi moja.

Wapo mafundi wanaokuja na mipangilio iliyotumika Dar es Salaam na kuibandika hapa. Mimi siikubali. Pwani, kompresa ikisimama unyevunyevu unapanda na mtu anahisi kunata hata kama nyuzijoto hazijabadilika. Hapa hewa ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi Novemba, na feni peke yake ikizunguka kwenye chumba cha nyuzi 26 au 27 mtu anafanya kazi bila kulalamika. Ndiyo maana zamu za feni tu, ambazo Dar es Salaam ningeziogopa, Dodoma ndizo silaha yetu kubwa. Vilevile mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo mashine ya nje hupata shida zaidi kutupa joto. Ongeza vumbi la upepo wa Julai na Agosti juu ya mapezi yake, na utakuta kompresa inatumia umeme mwingi zaidi kwa ubaridi uleule. Tunaziosha kwa maji kila mwezi katika kiangazi. Mwanzoni tulikuwa tunaosha mara mbili kwa mwaka, kama mkataba wa matengenezo ulivyosema, na mkataba huo uliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuanika nguo hapa mwezi wa Agosti.

Kuhusu rimoti sina mengi. Tumefunga kiwango kiwe kati ya nyuzi 23 na 26, kwa sababu mtu anayeingia amechoka na kuweka 16 hapati ubaridi haraka zaidi, anaiambia tu kompresa isipumzike. Tuliwaeleza watu kwanza kwa kikao cha nusu saa, kisha tukafunga. Ofisi jirani walifunga kimyakimya na rimoti mbili zikapasuliwa.

Baada ya haya kilele chetu kilishuka kutoka kVA 138 hadi 112. Hapo tulikuwa tunatumia karibu kilowati 90, na kipeo cha nguvu, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi kama kilowati, kilikuwa 0.8, kikivutwa chini na pampu na viyoyozi vya zamani vya ghorofa ya chini. Ukigawa 90 kwa 0.8 unapata 112.5, ukigawa kwa 0.95 unapata chini kidogo ya 95. Tulifunga kapasita za kujirekebisha, vifaa vinavyopandisha kipeo hicho, kwenye bodi kuu na kilele kikashuka hadi 95 bila mtu yeyote kupunguziwa ubaridi. Ningeshauri hatua hii ifanyike mapema, ila fundi ahakikishe kapasita zina koili za kuzilinda, kwa sababu inveta huchafua mawimbi ya umeme, na kapasita tupu kwenye jengo lenye inveta nyingi huweza kupata moto na kuharibika. Tofauti ya kVA 43 kwa bei niliyoitaja ni shilingi 645,172 kwa mwezi.

Usimlipe fundi malipo ya mwisho kwa kuangalia skrini ya kidhibiti. Chagua mchana wa joto, watu wakiwa kazini na wakiwa wamearifiwa, kisha mwombe azime swichi kuu kwa muda wa saa moja. Airudishe, na msimame pamoja mbele ya mita kwa nusu saa mbili kamili, mkiandika mzigo kila baada ya dakika tano. Sisi mara ya kwanza tulifeli jaribio hilo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka pampu ya kisima.