Maswali na majibu: Kujitengenezea jigi za kuvulia nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia tangu kaskazi ilipoanza kuvuma zinahusu jambo moja. Wavuvi wa mshipi, na hasa vijana, wameanza kutumia jigi, wameona bei yake dukani, wamepoteza mbili au tatu kwenye miamba kwa siku moja, na sasa wanataka kuzitengeneza wenyewe. Nazijibu hapa zile zinazowahusu wengi.

Msomaji wa Tanga anauliza: Jigi ni kitu gani hasa, na kwa nini nisitumie chubwi na chambo cha dagaa kama nilivyozoea?

Chubwi kazi yake ni kuzamisha chambo, ilhali jigi yenyewe ndiyo chambo. Ni kipande cha metali, mara nyingi risasi (ile metali nzito ya machubwi, si ya bunduki), chenye umbo la samaki mwembamba na kitundu katika kila ncha, ambacho hushushwa wima mpaka karibu na mwamba, kisha huvutwa juu kwa mishtuko mifupi na kuachwa kianguke. Kolekole, chewa, nguru na jodari hukishambulia kwa sababu kinameta na kuyumba kama samaki aliyejeruhiwa, na mara nyingi hukishambulia kinapoanguka, si kinapopanda. Kwa hiyo thamani ya jigi iko katika namna inavyoanguka. Huna haja ya kuacha chambo ulichokizoea. Mimi bado nachukua vipande vya ngisi ninapokwenda kutafuta changu.

Mama mmoja wa Mkoani, Pemba, anauliza: Mwanangu anayeyusha risasi jikoni kwa sufuria kuukuu, kisha sufuria inaoshwa na kurudishwa kabatini. Anasema haina neno kwa kuwa risasi haifiki kuchemka. Je, ni kweli?

Si kweli, mama, na nakuomba umzuie leo hii. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu, na ni sahihi kwamba hapo iko mbali sana na kuchemka, lakini madhara yake hayangoji mchemko. Juu ya risasi iliyoyeyuka hutanda utando wa kijivu na unga wa rangi ya udongo, ambao ni risasi iliyoungana na hewa. Unga huo hurushwa na kila mkorogo, hutua mezani, sakafuni na kwenye nguo, na kutoka hapo huingia mwilini kwa vidole na chakula. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi wanayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima. Kinachoumia kwanza ni ubongo unaokua, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Sufuria hiyo isipikiwe tena, hata ikisuguliwa mpaka ing'ae. Tena ikiwa ni ya alumini, ina hatari nyingine, kwa sababu alumini hulegea juu ya moto mkali wa mkaa na kitako kinaweza kuachia na kumwaga risasi ya moto miguuni. Kama mwanao hataki kuacha, na afanye kazi hiyo nje, mbali na kisima, mabanda ya kuku na mahali wanapocheza watoto, akisimama upande upepo unakotoka. Atumie chombo kizito cha chuma kisichokuwa na kazi nyingine, avae viatu vya kufunika, glovu za ngozi, miwani na barakoa ya kuzuia chembe. Takataka anazoziengua juu ya risasi azitie kwenye kopo lenye kifuniko, asizimwage uani. Akimaliza anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au kumbeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Ikiwa mchezo huu umeendelea kwa miezi jikoni kwenu, mweleze daktari waziwazi na uulize ni hospitali gani inayoweza kuwapima watoto risasi katika damu, maana dalili zake huchelewa kuonekana.

Msomaji wa Mombasa anauliza: Betri za gari zilizokufa zimejaa risasi. Naweza kuzivunja nikapata ya kusubu?

Hapana, ndugu yangu, na kwa swali hili sina masharti wala njia ya katikati. Ndani ya betri risasi imekaa kama tope na unga pamoja na asidi ya salfuriki, na kuuchoma unga huo ni kuupeleka hewani na udongoni. Wewe uko Mombasa, na bila shaka umesikia habari za Owino Uhuru, ambako mabaki ya kiwanda cha kuyeyusha betri yaliwaingia wakazi, mpaka mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa kazi hiyo hiyo ya betri iliyofanywa uani. Risasi ya kusubu itafute katika mabomba ya zamani, machubwi yaliyochakaa na vyuma vya kusawazishia magurudumu, ambavyo hupatikana kwa mafundi wa matairi. Vyuma hivyo vichambue kabla ya moto, kwa kuwa siku hizi vingi si risasi. Vyenye alama ya Zn ni zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi na huharibu mmiminiko wa risasi, na vyenye alama ya Fe ni chuma. Kikikwaruzika kwa ukucha ni risasi.

Msomaji wa Kilifi anauliza: Nilichonga kalibu ya plasta, nikaiacha siku mbili ikakauka vizuri, lakini nilipomimina risasi ilirukia juu kama imelipuka na kunichoma mkono. Kosa lilikuwa wapi?

Pole sana, na shukuru kwamba haikupata macho. Kalibu yako ilikuwa imekauka juu tu. Plasta hukorogwa kwa maji mengi, na maji hayo hubaki ndani siku nyingi baada ya uso wake kuonekana mkavu. Yakikutana na risasi yenye joto linalozidi mara tatu lile la kuchemshia maji, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya maji yaliyouzaa. Ukikosa pa kutokea, hupitia kwenye mdomo wa kalibu pamoja na risasi. Tone la jasho likidondokea kwenye chombo, au kijiko kibichi kikitiwa humo, matokeo ni yale yale.

Anza upya hivi. Chonga mfano kwa mti laini, uusugue kwa msasa, uupake mafuta mazito ya kujipaka. Uzamishe nusu yake katika plasta iliyomiminwa kwenye kisanduku, na plasta ikianza kushika, toboa vishimo viwili vitatu pembeni ili nusu ya pili ikae mahali pake bila kuteleza. Ikishagumu, paka mafuta uso wote, mimina nusu ya pili, na kesho yake uzitenganishe. Chonga mdomo mpana wa kumiminia, njia mbili nyembamba za kutolea hewa, na mfereji wa kulaza waya usioshika kutu, uliokunjwa kitanzi kila mwisho, kwa sababu waya huo ndio utakaobeba samaki. Kisha anika juani kwa wiki nzima, na baada ya hapo uzipashe moto kwa saa kadhaa kando ya mkaa au ndani ya oveni isiyopikiwa chakula. Kabla ya kumimina, shikilia kipande cha kioo baridi juu ya mdomo wa kalibu iliyopata moto. Kikiingia ukungu, maji bado yamo, rudi nyuma. Kisipoingia, fukiza ndani kwa masizi ya mshumaa ili risasi ipite vizuri, funga nusu zote mbili kwa jiliwa, na umimine kalibu ikiwa bado ina moto, kwa mkupuo mmoja usiokatika.

Ukitaka kujua uzito kabla ya kusubu, zamisha mfano wako wote katika chombo chenye alama za mililita, usome maji yamepanda kiasi gani, na uzidishe kwa 11.3. Mfano unaopandisha mililita 10 utakupa jigi ya gramu 113 hivi.

Msomaji wa Mafia anauliza: Nina watoto wadogo na sitaki risasi nyumbani kabisa. Kuna njia nyingine?

Ipo, nami naipenda kuliko ya kwanza: tumia nondo. Fundi yeyote wa ujenzi atakupa vipande vilivyobaki, na uzito wake unajulikana kabla hujakata. Nondo ya milimita 10 ina gramu 617 kwa mita, ya milimita 12 ina gramu 888, na ya milimita 16 ina gramu 1,580. Kwa hiyo sentimita 11.3 za nondo ya 12 ni gramu 100, na sentimita 12.7 za nondo ya 16 ni gramu 200. Ongeza kidogo kwa ajili ya kile kitakacholiwa na tupa. Kata ncha zote mbili mshazari, ondoa mistari ya pembeni kwa tupa au kwa mashine ya kusagia, kisha toboa kila ncha kwa keekee ya milimita 3, taratibu na kwa mafuta, kwa kuwa ngozi ya nje ya nondo ni ngumu na huvunja vyuma vya kutobolea. Lainisha kingo za matundu mpaka zisikate uzi. Kama kuna mhunzi karibu nawe, mpelekee aipashe moto na kuibamiza upande mmoja iwe bapa, maana jigi bapa huanguka kwa kuyumba.

Wengi hudhani chuma ni chepesi mno kwa kazi hii. Jigi ya chuma ya gramu 100 ikizama baharini hubaki na uzito wa gramu 87 hivi, na ya risasi 91. Tofauti hiyo ni ndogo; kinachoongezeka ni unene, ambao hukamata mkondo zaidi, kwa hiyo panda kidogo kwa uzito. Chuma hushika kutu, nalo hilo halinisumbui, kwa sababu kipande kitakachobaki kwenye mwamba kitaliwa na kutu bila kumdhuru kiumbe. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi mengi madogo ya risasi mwaka 1987 baada ya mabata maji kufa kwa kuyameza, na sioni sababu ya sisi kungoja ndege wetu wafe kwanza.

Msomaji wa Dar es Salaam anauliza: Ni rangi gani inayovutia zaidi?

Mng'aro hushinda rangi. Bandika karatasi ya fedha ya kufungia vyakula kwa gundi ya sehemu mbili, paka mgongo rangi ya bluu au waridi, chora jicho kubwa, na ufunike yote kwa tabaka mbili za gundi hiyo hiyo. Rangi nyekundu huwa ya kwanza kufifia kadiri unavyoshuka, kwa hiyo usiitegemee penye kina. Kwa jigi ya risasi, tabaka hilo la juu ni la lazima, kwani ndilo linalozuia mikono yako kugusa risasi kila siku.

Msomaji wa Mtwara anauliza: Jigi yangu ya gramu 80 huzama moja kwa moja kama jiwe, na siku nyingine hata chini haifiki. Nifanye nini?

Uliyoyataja ni mambo mawili. Jigi inayozama kama jiwe ina uzito wote mkiani na pande zake zinafanana. Ukitaka iyumbe, sogeza uzito katikati, na uifanye upande mmoja kuwa bapa na mwingine kuwa wa mviringo. Iweke juu ya ukingo wa kisu. Ikitulia katikati ya urefu wake, itaanguka ikiwa imelala na kucheza. Ijaribu kwenye maji maangavu ya kina cha mita mbili kabla ya kuitia rangi, na uipitishe tupa mpaka uridhike.

Kutofika chini ni habari ya mkondo. Wakati wa maji mafu, gramu 80 hutosha kwa mita 30 au 40. Kwenye bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mahali pale pale huenda pakataka gramu 150 au 200, kwa hiyo tengeneza umbo moja kwa uzito wa aina tatu, na upange safari yako karibu na mwisho wa maji kujaa au kupwa, mkondo unapolegea.

Msomaji wa Mwanza anauliza: Je, sangara hula jigi?

Hula, kwa kuwa ni mwindaji. Ziwa Victoria halina kina kirefu, halizidi mita 80 na ushee, nawe una haja ya jigi nyepesi tu, za gramu 20 hadi 60, zinazoanguka polepole. Nondo ya milimita 10 inakutosha.

Msomaji wa Shimoni anauliza: Ndoana nizifunge wapi? Nikiweka ya makucha matatu mkiani, kila mara hunasa kwenye matumbawe.

Iondoe. Tumia ndoana moja moja imara, uifunge kwa kipande kifupi cha uzi mnene wa kusuka, na uiunganishe na pete iliyo kwenye kitundu cha juu, upande wa mshipi. Samaki mkubwa hulenga kichwa cha anachokiwinda, na ndoana inayoning'inia huru humwingia kwenye pembe ya mdomo bila uzito wa jigi kuitingisha mpaka itoke. Mkiani pasipo na ndoana hupiga mwamba na kuachia. Urefu wa uzi uwe ni ule unaoifanya ncha ya ndoana ifike theluthi ya jigi, usizidi nusu, la sivyo itajizungusha na kujikamata yenyewe. Kwa pete, tumia zile za chuma kisichoshika kutu zilizojikunja mara mbili kama za funguo, uzijaribu kwa kuzivuta kwa koleo kabla ya kutoka nyumbani. Na iwapo unakusudia nguru au mzia, tanguliza sentimita 20 za waya mwembamba juu ya pete, kwani meno yao hukata nailoni na kuondoka na jigi uliyoisugua jioni nzima.